Mariamu ni Jina la Dini Gani?

Hapa Bagamoyo ukiita "Mamu!", kifupi cha Mariamu, pale soko la samaki, atageuka mwenye buibui na atageuka mwenye rozari shingoni. Hata hivyo bado watu hushikilia kwamba Mariamu ni wa Waislamu na Maria ni wa Wakristo. Nimeshuhudia mzazi akishinikizwa na ndugu abadili jina la mwanawe kwenye kadi ya kliniki, eti watu watadhani karitadi. Iliniuma, maana dai lenyewe halina msingi.

Fungua Biblia ya Union, Luka 1:27. Bikira wa Nazareti anaitwa Mariamu, vilevile kama anavyoitwa msikitini. "Maria" tumeizoea zaidi kwa Wakatoliki na sala yao ya Salamu Maria; mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapa Bagamoyo mwaka 1868. Na Waislamu nao wana Maria wao: Maria al-Qibtiyya, Mkopti kutoka Misri, aliyemzalia Mtume Muhammad mwanawe Ibrahimu. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam, na mama yake Isa ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Kurani nzima.

Wanaosema ni jina la Kiarabu nao wameishia njiani. Kwetu pwani ndiyo, lilifika na Waarabu, ila dada yao Musa na Haruni, yule aliyetwaa tari akaongoza wanawake kuimba baada ya kuvuka bahari, ni Miriamu, kwa Kiebrania Miryam. Waingereza wakasema Mary, nasi tukaandika Mery.

Dhana inayoumiza zaidi ni hii: "Maana yake uchungu, mtoto atalia maisha yake yote." Kweli, kwa Kiebrania *mar* ni chungu, na tafsiri hiyo imetokana na hapo. Lakini wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaoona maana ya uasi, wapo wanaolirudisha Misri ya kale, kwenye neno la kupenda, yaani mpendwa. Hata maana ya "Nyota ya Bahari" tunayoipenda sisi watu wa pwani inadhaniwa ni kosa la wanakili: Yeronimo, mtafsiri wa kale wa Biblia, aliandika kwa Kilatini *stilla maris*, tone la bahari, wao wakaandika *stella*, nyota.

Kwa hiyo Mamu akilia usiku kucha, mtazameni masikio, mpimeni homa, mpelekeni zahanati. Jina mwachieni.