Ujenzi wa mbao nzito ni nini?

Jengo la ofisi la T3 mjini Minneapolis, Marekani, lililokamilika mwaka 2016, lina ghorofa saba: ya chini ni ya zege, sita za juu ni za mbao. Si mbao za kupamba kuta. Ni nguzo, boriti na sakafu zinazobeba jengo lenyewe.

Mbao nzito hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha vipande vingi vya mbao zilizokaushwa, kwa gundi, misumari au skrubu, mpaka viwe kitu kimoja kinene. Mbao zikielekezwa upande mmoja zote, hupatikana nguzo na boriti. Kila tabaka likilazwa kukingama lile la chini yake, hupatikana paneli pana isiyopinda ovyo unyevu ukibadilika, inayofaa sakafu na kuta. Paneli hizi zilikomazwa Austria na Ujerumani miaka ya 1990, na ndizo zilizofanya maghorofa ya mbao yawezekane.

Swali la kwanza la kila mtu ni moto. Kibiriti huwaka mara moja, lakini gogo hukawia. Uso wa mbao nene huungua karibu milimita 0.7 kwa dakika na kugeuka mkaa, na mkaa huo hukinga kiini kisipate joto. Kwa hiyo mhandisi huongeza unene wa kuungua, ili kinachobaki kiweze kubeba mzigo kwa muda unaotakiwa na kanuni.

Hata hivyo, mbao zilizo wazi nazo ni kuni, na hapo ndipo biashara na usalama vinapovutana. Mpangaji wa ofisi analipia kuona mbao. Kanuni za ujenzi za kimataifa za mwaka 2021, zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani, zinaruhusu ofisi za mbao hadi ghorofa 18, lakini kwa kimo hicho mbao zote zifunikwe. Ukitaka zionekane karibu zote, mwisho ni ghorofa 9. Nadhani hiyo inaeleza mengi kuhusu kwa nini ofisi nyingi za aina hii si ndefu sana.

Uzito nao una pande mbili. Mbao laini ina takriban moja ya tano ya uzito wa zege, hivyo msingi hupungua. Lakini jengo jepesi huyumba kwa upepo: jengo la mbao la Mjøstårnet, Norwei, lenye kimo cha mita 85.4 na lililokamilika 2019, liliwekewa sakafu za zege kwenye ghorofa za juu ili kulituliza.

Kuhusu dai kwamba kujenga kwa mbao hupunguza kaboni hewani, mti huihifadhi kweli, ila hesabu hutegemea kama msitu umepandwa upya na mbao zitaishia wapi jengo likibomolewa. Wauzaji hupenda kuiruka sehemu hiyo.

Kwenye eneo la ujenzi, paneli hufika zikiwa zimekwisha kutobolewa nafasi za milango na mabomba, kreni inazipandisha, mafundi wachache wanazifunga kwa skrubu. Wanachokiogopa zaidi ni mvua, kwa sababu maji yakituama kwenye sakafu isiyofunikwa yatatia mbao madoa, na yakinaswa ndani huleta ukungu.