Papasa jani kabla ya kununua dawa: kanka ya michungwa

Mzee mmoja wa Kumi, wilaya ya huku Teso mashariki mwa Uganda, aliniletea majani ya mchungwa aliyoyafunga kwenye gazeti kuukuu. "Mwanangu, miti yangu imeshikwa na ile kanka mnayoisema. Nimepiga dawa mara tatu, haisikii." Nikamuuliza ni dawa gani. Akatoa mfukoni kichupa cha oksitetrasaiklini, ile wanayochomwa ng'ombe. Muuza pembejeo alimwambia kwamba kanka ni ugonjwa wa bakteria, na bakteria ni bakteria, awe wa ng'ombe au wa mchungwa.

Nikampa jani moja: "Lipapase, mzee. Juu, kisha chini." Doa lilikuwa bapa, la kijivu, upana wake kama kifungo cha shati, na mawili yalikuwa yametoboka katikati. Hiyo si kanka. Ni doa la kuvu aitwaye Pseudocercospora angolensis, aliyeelezwa mara ya kwanza kutoka Angola na Msumbiji mwaka 1952, na huku Teso anatusumbua kila msimu wa mvua. Majani mengi ninayoletewa kwa jina la kanka ni ya kuvu huyu. Kumpigia dawa ya bakteria ni kutegea samaki mtego wa panya.

Kanka yenyewe ukiigusa mara moja hutaisahau. Doa lake limeinuka pande zote mbili za jani, linakwaruza kidole kama msasa, katikati limebonyea kama shimo la volkano, ukingo wake unaonekana kulowa maji au mafuta, na nje kuna duara la njano. Kuna ugonjwa mwingine, ukurutu wa michungwa, ambao nao huota vinundu, lakini kinundu kikiinuka upande mmoja, upande wa pili huwa kishimo. Kanka huota pia kwenye matawi machanga na kwenye ganda la tunda. Chungwa lenye kanka halimdhuru mlaji, ila sokoni halina bei, na mti uliozidiwa hupukutisha majani na matunda kabla ya wakati. Macho na vidole hukupa shaka tu. Uhakika hutoka maabara, kwa hiyo ukishuku mwite afisa kilimo aje aone mti ulipo, usizungushe matawi mtaani.

Bakteria wake ni Xanthomonas citri. Jina hilo la kwanza mkulima wa Uganda analijua kwa machungu hata kama hajawahi kulitamka, maana ndugu yake ndiye aliyeingia migombani mwaka 2001 na kuozesha ndizi za watu kuanzia Mukono na Kayunga. Tabia zao zinafanana: wote hawana dawa ya kuponya, na wote hupenda kusafiri kwenye panga la binadamu.

Wa michungwa hupenda joto la nyuzi 20 hadi 30 na mvua ya upepo. Tone likipiga doa huchota bakteria, upepo unalirusha kwenye jani changa, nao wanaingia kupitia matundu ya kupumulia au jeraha. Hapo kidomozi, yule kiwavi anayechora njia za fedha ndani ya majani machanga, huwa amekwisha kuwafungulia mlango. Hali ikiwafaa, siku 7 hadi 10 unaona vidoa. Huko Florida, Marekani, ugonjwa ulipoonekana tena mwaka 1995, serikali ilifika mahali pa kukata kila mti wa jamii ya michungwa ndani ya takriban mita 580 kutoka kwenye mti mgonjwa. Kisha vikaja vimbunga vya 2004 na 2005 vikausambaza kila upande, na Januari 2006 kampeni ya kuutokomeza ikasitishwa.

Sisi hatuna vimbunga. Tuna boda boda zinazobeba miche isiyojulikana kitalu chake, na tuna vijana wa madalali. Watazame siku ya kuvuna: asubuhi wako kwa jirani, umande haujakauka, mchana wako kwako na magunia yaleyale, ngazi ileile, mikasi ileile. Kwangu mimi hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pampu ya dawa. Weka ndoo yenye jiki iliyochanganywa na maji kwenye lango, mikasi ichovywe, mikono inawe. Magunia na ngazi ziwe zako. Majani yakiwa yamelowa, asiingie mtu, hata kama lori linapiga honi barabarani. Nimewahi kuitwa mwenye maringo kwa sharti hilo, na silegezi.

Miche nunua kwenye kitalu kinachokaguliwa, na vikonyo vya kubebeshea usiombe kwa rafiki. Kama bado unachagua cha kupanda, jua kwamba mibalungi na midimu hushikwa upesi sana, aina za machungwa za Hamlin na Navel nazo ni dhaifu, Valencia ina nafuu kidogo, na michenza ndiyo inayostahimili zaidi. Upande unakotoka upepo panda mstari wa miti mirefu. Pogoa wakati wa kiangazi, na mti uliothibitishwa kuwa mgonjwa ung'olewe na kuchomwa palepale.

Dawa za shaba zina kazi yake, ila shaba ni ngozi ya nje tu: humzuia bakteria asiingie, aliyekwisha kuingia hamfikii. Ndiyo maana wakati wa kupiga una uzito kuliko wingi. Anza maua yakishapukutika na vitunda vikiwa kama punje ya karanga, rudia kila baada ya wiki tatu hivi, kwa miezi mitatu ya mwanzo ambayo ganda bado ni laini. Kipimo ni kile cha kwenye lebo. Ukizidisha, shaba inabaki udongoni, na Argentina tayari wamekutana na bakteria wasioiogopa.

Mzee wangu nilimshauri apogoe katikati ya miti hewa ipite, akusanye majani yaliyoanguka, na apige shaba chipukizi zikitoka, kwa sababu kuvu wake naye huzuiwa na shaba. Akaniuliza kile kichupa kilichobaki akifanyeje. Nikamwelekeza kwa daktari wa mifugo.