Unakwenda Pompeii? Soma kwanza kuhusu tiketi, meza ya vipimo na faini

Tangu Novemba 2024, magofu ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na volkeno, hupokea wageni wasiozidi 20,000 kwa siku, na kila tiketi huandikwa jina la mhusika. Jina hilo lilingane na la pasipoti au kitambulisho. Ukinunua kwa jina la shemeji, usilalamikie walinzi wa mlangoni.

Wengi huanzia Foro, uwanja mkuu wa mji. Mashariki yake kuna soko, ambako magamba ya samaki yalikutwa katikati ya ua. Kusini-magharibi ni Basilika. Si kanisa, jamani: ilijengwa karne ya 2 KK, kwa ajili ya kesi na biashara. Na mji haukumezwa na lava (uji wa moto wa volkeno), kama wengi wanavyodhani. Mwaka 79 BK ulifukiwa na majivu, mawe mepesi ya volkeno na wimbi la gesi ya moto.

Usiipite meza ya vipimo, ubavuni mwa eneo la hekalu la Apollo. Ni bamba la mawe lenye mashimo ya ukubwa mbalimbali, kila moja na tundu chini. Nafaka ilijazwa hadi ukingoni, tundu likazibuliwa, ikamiminikia chomboni. Aliyeshuku kapunjwa alikuwa na pa kuhakikishia. Awali vipimo vilikuwa vya Kiosci, yaani vya wenyeji wa eneo hilo kabla ya utawala wa Roma. Baadaye majina yake yalifutwa na mashimo kurekebishwa yafuate kipimo cha Roma. Mahakimu waliosimamia, Clodius Flaccus na Arellianus Caledus, walichonga majina yao hapo hapo. Meza halisi iko makumbusho ya Napoli. Iliyopo Foro ni nakala. Hata hivyo, si benchi.

Kuhusu adhabu: Sheria Na. 6 ya 2024 ya Italia inatoza faini ya euro 20,000 hadi 60,000 kwa kuharibu mali ya urithi, na euro 10,000 hadi 40,000 kwa kuichafua, kuchora jina la mchumba kukiwemo. Hiyo ni mbali na kesi ya jinai, ambayo kwa uharibifu ina kifungo cha miaka 2 hadi 5 na faini ya euro 2,500 hadi 15,000.

Wapo wanaookota vijiwe, kisha huvirudisha kwa posta wakidai vimewaletea mkosi. Mkosi si fani yetu. Tunachojua ni kwamba kijiwe kikishaondolewa, hakuna awezaye kusema kwa hakika kilitoka ukuta gani, na bahasha ya posta haifuti kosa.