Achari ya ndimu na presha

Huku Lamu wengi tumelelewa na neno hili: ndimu hukata presha, kwa hiyo kijiko cha achari kwenye wali ni dawa ya moyo. Ukali wa ndimu ndio huwafanya watu waamini. Lakini ukali huo hauigeuzi damu. Mwili huilinda isibadilike. Kilichojaa kwenye chupa ya achari ni chumvi, nayo hupandisha presha. Mtu mzima hushauriwa asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mkate na ng'onda, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa, vimeshachukua fungu lao. Anayetaka kuhakikisha apimwe zahanati siku kadhaa, kila mara akipumzika kwanza dakika 5. Presha ikirudia 140/90 au zaidi, amwone daktari. Anayemeza vidonge vya presha asiviache. Ndimu mbichi juu ya samaki haina neno.