Myanmar: Msamaha wa Jeshi Si Uhuru wa Wafungwa wa Kisiasa

Kila Januari 4, siku ya uhuru wa Myanmar, jeshi limezoea kutangaza msamaha kwa maelfu ya wafungwa. Nje ya gereza la Insein, Yangon, ndugu hujazana wakiwa na karatasi zenye majina ya watu wao, macho yote kwenye mabasi yanayotoka. Wengi hurudi nyumbani mikono mitupu, kwani sehemu kubwa ya wanaosamehewa ni wahalifu wa kawaida.

Kwa hiyo ukisikia idadi kubwa imetangazwa, uliza kwanza: wangapi kati yao walifungwa kwa ajili ya siasa, na wametoka kwa masharti gani?

Jeshi lilipindua serikali Februari 1, 2021. Wiki mbili baadaye likaongeza kifungu cha 505A kwenye kanuni ya adhabu: ukidaiwa kueneza habari za uongo au kutia watu hofu, unaweza kufungwa hadi miaka 3. Kifungu hicho kiliwazoa madaktari na walimu waliogoma, wanafunzi, waandishi wa habari. Kesi nyingi husikilizwa humo humo gerezani, hadharani hakuna anayeona.

Na anayeachiwa naye hajawa huru. Kwa kifungu cha 401 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, adhabu husimamishwa tu. Akikamatwa tena, anatumikia kifungo kipya pamoja na kile kilichobaki cha zamani. Mwandishi wa habari aliyetoka hivyo ataandika nini? Huu ni mtego, na inauma kuona serikali za nje zikiupongeza.

Julai 2022 jeshi liliwanyonga wapinzani wanne, akiwemo aliyekuwa mbunge, Phyo Zeya Thaw. Desemba 21 mwaka huo huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio 2669, likitaka wote waliozuiliwa kiholela waachiwe mara moja, Rais aliyepinduliwa, Win Myint, na kiongozi wa kiraia aliyepinduliwa naye, Aung San Suu Kyi, wakitajwa kwa majina. Kenya, Ghana na Gabon ziliunga mkono. Kura hiyo inatupa Waafrika haki ya kuendelea kuuliza.

Ukiandika barua kwa mbunge wako au wizara ya mambo ya nje, mtaje mfungwa kwa jina, gereza alimo na kifungu alichoshtakiwa nacho. Kisha dai hukumu yake ifutwe kabisa, isisimamishwe.