Kabla Hujaandika DROP TABLE

Amri ya kufuta jedwali katika SQL, lugha ya kuendeshea hifadhidata, ni fupi mno: DROP TABLE, jina la jedwali, basi. Hifadhidata haikuulizi kama una uhakika. Akaunti yako ikiwa na ruhusa, jedwali linaondoka na rekodi zake zote, safuwima zake, faharasa zake (orodha za kuharakisha utafutaji) na vichochezi vilivyowekwa juu yake, yaani amri zinazojiendesha rekodi zikibadilika.

Mara nyingi anayeiandika hakuhitaji kwenda mbali hivyo. Kama shida ni rekodi fulani tu, tumia DELETE pamoja na WHERE, sehemu inayotaja rekodi zipi zifutwe. Ukiisahau WHERE, rekodi zote zitafutika. Kama unataka jedwali libaki tupu, TRUNCATE TABLE inatosha, na huwa na kasi zaidi.

Ugumu wenyewe uko kwenye uhusiano. Tuseme jedwali la oda lina ufunguo wa kigeni, yaani safuwima inayolazimika kutaja rekodi iliyopo kwenye jedwali jingine, unaoelekea jedwali la wateja. Ukiandika DROP TABLE wateja, mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL utakataa na kukutajia kinacholitegemea. Usome ujumbe huo kwa makini, maana hapo mfumo unakulinda. Wengi huukwepa kwa kuongeza neno CASCADE, wakidhani litafuta oda pia. Sivyo. Oda zinabaki, ila sharti lililoziunganisha na wateja linaondolewa, na mionekano yote (maulizo yaliyohifadhiwa yanayosomwa kama majedwali) iliyojengwa juu ya wateja inafutwa. Unabaki na oda zenye namba za wateja wasiokuwepo popote. Katika MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, neno CASCADE hupokelewa bila kufanya kazi yoyote. Huko inakubidi uondoe kwanza ufunguo wa kigeni, au ufute jedwali la oda kabla ya la wateja.

Je, unaweza kurudi nyuma? Inategemea mfumo. Katika PostgreSQL, SQL Server na SQLite, ukifungua muamala (kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja), ukafuta, kisha ukaandika ROLLBACK, amri ya kutengua, jedwali linarudi kama lilivyokuwa. MySQL haina huruma hiyo: DROP TABLE huukamilisha muamala papo hapo, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya kabla yake ambayo hukuwa umeyathibitisha. Oracle nayo huukamilisha, lakini tangu toleo la 10g jedwali huenda kwanza kwenye pipa la taka, na FLASHBACK TABLE wateja TO BEFORE DROP hulirudisha. Ukiongeza PURGE kwenye DROP TABLE, pipa hilo linarukwa.

Ukiandika DROP TABLE IF EXISTS, skripti haikwami jedwali lisipokuwepo. Tahadhari moja: ukikosea tahajia ya jina, amri itapita kimya nawe utaamini umefuta.

Ushauri wangu kwa jedwali lolote lililowahi kutumika ni kulibadilisha jina kwanza: ALTER TABLE wateja RENAME TO wateja_zamani. Acha ipite angalau mwisho wa mwezi mmoja, kwa sababu ripoti nyingi huandaliwa wakati huo. Programu iliyosahaulika ikilalamika, unarudisha jina kwa mstari mmoja. Kabla ya kufuta kabisa, chukua nakala rudufu na ujaribu kuirejesha kwenye seva nyingine. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu. Kisha hakikisha uko kwenye hifadhidata uliyoikusudia: SELECT current_database() katika PostgreSQL, SELECT DATABASE() katika MySQL.

Tena, programu inayowahudumia watumiaji isiunganishwe kwa akaunti inayomiliki majedwali. Ipewe haki za kusoma, kuongeza, kubadilisha na kufuta rekodi tu, ili hata mdukuzi akipenyeza SQL yake kupitia fomu, DROP TABLE yake ikataliwe.