Umeme wa Iceland: volkano au mito?

Wengi huamini kwamba Iceland, kisiwa chenye watu wasiofika laki nne, huwasha taa zake kwa joto la volkano. Imani hiyo haikuzuka hewani. Picha za mvuke unaofuka ardhini zimeenea kila mahali, na ni kweli kwamba takriban nyumba tisa kati ya kumi hupata joto lake kutokana na jotoardhi.

Ila kupasha nyumba joto ni hesabu nyingine. Kwenye umeme, takriban asilimia 70 hutokana na maji, hasa mito inayolishwa na barafu inayoyeyuka. Karibu yote iliyobaki ni jotoardhi. Kituo kikubwa kuliko vyote, Kárahnjúkar, chenye megawati 690, huendeshwa na maji, na kilijengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja cha alumini huko Reyðarfjörður. Hapo ndipo linapoeleweka jambo jingine: nchi hiyo huongoza duniani kwa umeme kwa kila mtu, lakini si kwamba wenyeji ni wafujaji. Zaidi ya nusu ya umeme humezwa na viwanda vya alumini.

Ukikutana na takwimu za namna hii, tazama kwanza kama ni za nishati yote au za umeme peke yake. Kisha kipimo: megawati ni uwezo wa mitambo, gigawati-saa ndizo zilizozalishwa kweli. Pima Kenya vivyo hivyo. Huko, kwenye umeme, jotoardhi ndiyo inayoongoza.